Maji ya Mguu wa Maman

Nilikuwa bado wa kubebeshwa bidoni ya lita tano, kwa sababu ile ya lita kumi ilikuwa inanishinda, nilipojua kwamba neno "kukanyaga" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ile ya watu wote duniani. Ya pili ilikuwa ya mtaa wetu, kule Kadutu, Bukavu, kwenye mteremko wa udongo mwekundu ambako mlango wa nyumba moja unatazama bati la nyumba ya chini yake. Kwetu mtu akisema "yule mama alikanyaga," kisha akanyamaza, hakuna anayeuliza alikanyaga nini. Kila mtu ameshaelewa. Alikanyaga dawa aliyotegewa njiani na mwenye wivu, na sasa mguu wake umevimba na hautapona.

Yule mama alikuwa wangu.

Mguu wake wa kulia, kuanzia chini ya goti, ulikaribia unene wa kiuno changu cha wakati ule. Ngozi ilikuwa ngumu, yenye vinundu juu ya vidole. Ulianza kuvimba akiwa msichana huko kwao Nyangezi, akilima peku tangu alipojua kushika jembe. Papa alimwoa hivyo hivyo, na mguu wake, jambo ambalo shangazi zangu hawakumsamehe. Papa alipofariki nikiwa na miaka minne, walisema msibani, tena kwa sauti, kwamba ni ule mguu uliommaliza. Maman aliwasikia. Aliendelea kuwapakulia bugali.

Imani ile ilikuwa na sehemu yake nyingine, na hiyo ndiyo iliyotutesa zaidi. Ilisemwa kwamba mguu wa namna ile ukioshwa, dawa inatoka kidogo kidogo na kuingia ndani ya maji. Atakayeyavuka maji hayo kabla hayajakauka anaondoka nayo. Kwa hiyo mguu ulikuwa jambo la Maman, lakini maji yalikuwa jambo la mtaa mzima. Alipopita na beseni lake watu hawakumtazama usoni; walitazama beseni.

Na kuosha ilikuwa lazima aoshe. Miaka ya nyuma masera mmoja, mtawa aliyekuwa muuguzi, alimweleza kwamba ugonjwa ule unatokana na udongo wa kwao, unaoingia kwenye ngozi ya mtu anayetembea peku miaka na miaka. Hauambukizi. Hautoki kwa mtu. Dawa yake ni sabuni, maji, mafuta na viatu, kila siku ya Mungu. Basi kila asubuhi Maman aliketi kwenye kibao chake mlangoni, mguu ndani ya beseni, akausugua taratibu kati ya kidole na kidole, akaukausha kwa kitambaa ambacho sisi wengine tulikatazwa kukitumia, akaupaka mafuta, akaufunga, kisha akavaa kiatu alichoshonewa na kordonye wa sokoni kwa turubai na mpira wa tairi. Kilikuwa kikubwa, kibaya sana kwa kutazama, naye alikipaka rangi Jumamosi kama wanavyopaka viatu vya kwenda misa.

Kisha aliteremka na beseni hadi nyuma ya choo, akamwaga maji ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe, akafunika kwa ubao. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa kwenda mpaka kule ilhali anasema dawa haimo.

"Dawa haimo mule," alinijibu. "Lakini batu banaogopa kweli, na miye sipendi kuogopesha mutu ku mulango yake."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mpole kwa watu, lakini kwenye lile neno hakukubali kushindwa hata siku moja. Ukisema mbele yake kwamba alikanyaga, alisimama pale pale, katikati ya barabara ikibidi, na kukusahihisha.

"Sikukanyaga dawa. Nilikanyaga udongo tu, sawa weye. Udongo inaingia mu ngozi ya bamoja, ya bengine inaikatala. Kuya nikuelezee."

Na angekueleza kweli. Wengine walikubali ili awaachie waende zao. Lakini alikuwa na subira ya ajabu, na miaka ilivyopita maneno yake yalianza kuingia. Aliuza makala, kama tunavyoita makaa, kwa sababu hakuna ambaye angekula sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa na mkono wake, ila makala hayaliwi, na moto, watu walijisemea, unaua kila kitu. Kwenye makala yale alifundisha. Mteja alichukua ndoo moja ya makala na somo moja juu ya udongo. Mimi na dada yangu Furaha tulilijua somo lile kuliko Baba Yetu.

Wa kwanza kuelewa, au tuseme wa kwanza kujaribu, alikuwa jirani yetu wa juu, Mama Odile. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nene na moyo wa woga. Kwa miaka alikuwa akizunguka njia nzima ili asipite mbele ya mlango wetu. Siku moja alikuja, akaketi kwenye ukingo wa kiti, tayari kukimbia, na kunywa chai katika kikombe chetu. Alikunywa chote. Maman alisimulia habari ya kikombe kile kwa wiki nzima. Baadaye shirika, yaani jumuiya ya sala ya mtaa, nalo likakubali kuja kwetu zamu yetu ilipofika, na wanawake wakakaa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu bila kuinua miguu.

Halafu ikaja habari ya Deo. Alikuwa mwalimu kijana wa Ibanda, upande ule wa ziwa wenye maofisi na nyumba za maua, na alimpenda Furaha, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na saba na uzuri uliokuwa unanikera. Mama yake Deo alikuja kututazama. Maman hakuficha mguu chini ya kitenge kama shangazi zangu walivyomshauri. Aliuweka mbele, na kiatu chake kilichopakwa rangi, akaanza: "Mama Deo, mbele ya yote, nikuelezee juu ya hii muguu." Yule mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza maswali mawili ya akili. Akasema atarudi na wazee wa familia.

Nimeeleza haya yote kwa urefu ili mjue Maman alikuwa ameshajenga nini siku ile vita vilipopanda mteremko wetu.

Vilikuwa vile vita vya pili. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na askari wao walikuwa na kambi pale chini, karibu na barabara. Ukisimama mlangoni kwetu uliwaona wanavyokoka moto. Walipanda nyumba kwa nyumba kutafuta maharage, redio, na mabinti wa kuwabebea mizigo. Ndivyo walivyosema, kubeba mizigo. Binti mmoja wa nyuma ya kanisa alichukuliwa kubeba mizigo, akarudi baada ya siku nne, na tangu hapo hakuongea tena hata na mama yake. Watu wazima walifikiri sisi watoto hatujui. Tulijua kiasi cha kutosha.

Asubuhi ile, kama saa tatu, Maman alikuwa kwenye kibao chake anaosha mguu. Mimi nilikuwa pembeni na kitambaa. Furaha alikuwa ndani. Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja tu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeegemea mlima. Askari watatu wakatokea kwenye kona ya njia, na kabla hatujapata neno walikuwa wamesimama mbele yetu. Mkubwa wao alivaa mabuti ya mpira. Wale wawili walikuwa na kandambili.

"Mama, ondoka mu mulango," alisema wa mabuti.

"Ngojeni nimalize, batoto bangu."

"Ndani kuko nini?"

"Kuko makala."

"Na binti? Tunasikia hapa kuko binti mukubwa."

Kwa hiyo mtu alikuwa amewaambia. Sijui ni nani, na nimeacha kutaka kujua. Nilimwona Maman anautazama mguu wake ndani ya maji, kama mtu anayeuomba ruhusa. Kisha akautoa, polepole, akaunyoosha waone wote, vinundu na yote, unachuruzika. Akashika beseni kwa mikono miwili na kumwaga maji yote kwenye kizingiti cha mlango.

Sikuwa nimewahi kuona akimwaga hata tone mahali pale.

"Sasa piteni," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuuza makala. "Lakini mujue mbele ya kupita. Hii muguu, nilikanyaga. Kuko mutu alinitegea. Na hii mayi njo inatoa ile dawa kila siku, kidogo kidogo. Mwenye ataivuka ikingali mbichi atabeba yake. Sikatazi mutu. Piteni."

Hakuna aliyesogea. Maji yalikuwa yameanza kutelemka kwenye udongo kuelekea kwao, na mmoja wa wale wa kandambili, mrefu mwenye makovu mashavuni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Chef, miye nabakia hapa," alisema. "Kwetu tunajua hii mambo. Kaka ya papa yangu alikufa nayo."

"Ni mayi ya sabuni," alisema chef.

"Basi pita, chef. Weye uko na mabuti."

Chef alitazama mabuti yake. Na mimi niliyatazama. La kushoto lilikuwa limepasuka pembeni, karibu na kidole kidogo, na pale palikuwa na kiraka kilichobanduka. Alikitazama kiraka kile kwa muda mrefu. Leo nacheka nikikumbuka, mtu na bunduki yake anapima kiraka, lakini siku ile nilikuwa nimejikojolea.

"Muchawi weye," alimwambia Maman. Akatema mate. Wakachukua magunia mawili ya makala yaliyokuwa nje, wakateremka nayo.

Maman alikaa vile vile mpaka vichwa vyao vilipopotea kwenye kona. Ndipo machozi yalipoanza kumtoka. Furaha alitoka, akamkumbatia kwa nyuma. Nami nilidhani Maman analia kwa hofu, kama sisi.

"Nimesema bongo," alisema. Bongo, ndivyo tunavyoita uongo. "Nimesema ile bongo yao, na kinywa yangu. Miaka yote hii."

Sikuelewa. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimemwona mama yangu akiwashinda wanaume watatu wenye bunduki kwa beseni la maji machafu. Ulitaka nifanye nini? Nilichukua bidoni yangu, nikaenda kwenye robine, bomba la maji ambapo watoto na wanawake wa mtaa wote wanapanga foleni, na nikatangaza.

"Maman yangu amefukuza basoda na mayi ya muguu! Alisema kabisa, mwenye anapita atavimba!"

Ee, nilisikilizwa! Watoto walionicheka kila siku, walioniita "mutoto ya muguu", waliniachia njia nikachota wa kwanza. Nilirudia hadithi yangu mara tatu kabla bidoni haijajaa, na kila mara askari waliongezeka. Hadi Jumapili walikuwa kumi, na mmoja wao alikuwa ameanza kuvimba hata hajafika barabarani. Hilo la kuvimba sikulisema mimi, lakini nililiacha lipite.

Mama yake Deo alirudi baada ya wiki mbili, peke yake, bila wazee. Hakuketi.

"Mama Furaha," alisema, "mbele ulituelezea kama ni udongo, na nilikusadiki. Sasa inje yote banasema ni dawa, na banasema ni weye mwenyewe umeitamka. Tusadiki gani?"

Furaha alikuwa amesimama karibu na pazia. Naona bado vidole vyake vilivyoshika lile pazia. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, neno ambalo Maman alikuwa akilisema kwa kila mteja wa ndoo moja ya makala. Alifungua kinywa. Kisha akatazama nje, chini, kule kambini, moshi wa moto wao ulikokuwa unapanda. Akatazama Furaha.

"Sadikini yenye munasikia," alisema.

Yule mama akaondoka. Nilimsikia akiuliza njia ya kuzunguka.

Furaha alipiga kelele siku ile kama sijawahi kumsikia. "Ulinikomboa juu nibakie hapa? Juu niozee mu nyumba yako?" Maman alimwacha amalize. Kisha akamwambia, na haya ndiyo maneno niliyokuja kuyaelewa baada ya miaka mingi: "Nikimwambia mama ya Deo kweli leo, kesho kweli itafika ku robine, na kesho kutwa itafika kule chini ku basoda. Na bataleta mabuti mapya. Heri nikuone unanikasirikia, Furaha. Kuliko nikuone kama ule mutoto wa nyuma ya kanisa."

Furaha hakumsemesha kwa mwezi mzima.

Basi Maman akaulinda uongo ule. Yeye, aliyekuwa akisimamisha watu barabarani kuwasahihisha, sasa akisikia "alikanyaga" alipita tu. Kila asubuhi aliosha mguu na kumwaga maji kizingitini, mbele ya macho ya wote, nasi tuliruka juu yake kwenda shule. Shirika liliposoma zamu za sala, jina letu halikusomwa. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi hata siku ya Krismasi. Makala yalibaki kwenye magunia, tukala mihogo mchana na mihogo jioni, na kuna siku tulikula chai. Mama Odile alirudi kwenye njia yake ndefu ya kuzunguka, na kikombe alichonywea kikakaa juu ya kabati kimefunikwa, kwa sababu Maman hakutaka mwingine akitumie.

Na askari hawakupanda kwetu tena. Walipita nyumba ya juu, walipita ya kushoto. Kwetu walikwepa. Majirani waliliona hilo pia, na liliwathibitishia kila kitu.

Iliendelea hivyo kwa miaka zaidi ya miwili. Nilikuwa sasa nabeba bidoni ya lita ishirini, na nilikuwa nimeshajifunza aibu. Nilipita kwenye robine ile kichwa chini. Sikumwambia Maman kwamba ni mimi. Nilidhani hajui.

Kisha ikaja wiki ambayo mji ulibadilisha mikono tena. Milio ilianza upande wa ziwa, ikasogea. Siku ya pili, jua likiwa utosini, tulisikia miguu mingi njiani, na Maman akanituma ndani. Lakini hawakuwa askari. Walikuwa wanawake wanne wa mtaa, Mama Odile mbele, na nyuma yao mabinti watano wamebeba vitenge na sufuria. Walisimama mbali kidogo na kizingiti, pale ambapo udongo ulikuwa mkavu.

"Mama Furaha," alisema Mama Odile. Ile sauti nene ilikuwa imekwisha. "Tunakuomba. Batoto bakae kwako. Kwako haba-, kwako bale batu habaingiake."

Nilikuwa mlangoni nyuma ya Maman na nilijua kabisa ambacho mimi ningesema. Nilikuwa nimekitunga miaka miwili. Ningeanza na benchi la kanisani na kumaliza na kile kikombe.

"Mulibapikia batoto?" aliuliza Maman.

"Hapana. Hakuna kitu."

"Basi Zawadi, ongeza mihogo," aliniambia. "Na muingie upesi, njia siyo pahali pa kusimama."

Mabinti wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja aliinua mguu juu ya kizingiti kana kwamba anavuka mto. Walikaa kwetu siku sita, wasichana saba katika vyumba viwili. Tulilala kichwa miguuni, tulicheka mambo ya kipuuzi, na Furaha, ambaye alikuwa amesahau kucheka, aliwasuka wote. Milio ya risasi ilipokaribia Maman alitoka na beseni lake, akaketi mlangoni, akaosha. Aliosha mguu ule mara tatu au nne kwa siku. Ngozi ilichubuka. Hakuna aliyekuja.

Siku ya pili au ya tatu Maman aligundua kwamba Odile, yule binti wa Mama Odile, havui soksi. Odile alikuwa na miaka kumi na mitano, na kulikuwa na joto la watu wanane humo ndani. Alilala na soksi, alioga na soksi moja. Maman alimwita nje, akamketisha kwenye kibao chake, na bila kuuliza neno akaanza kumvua. Odile alishika mkono wake.

"Maman, nakuomba. Batasema nimeikanyaga hapa kwako."

"Imeanza lini?"

"Mwaka jana. Wakati tulirudi toka kwa koko, ku mashamba."

Koko, ndivyo tunavyoita bibi. Mguu wa kushoto, juu ya vidole, ulikuwa umevimba kidogo tu. Mtu asiyejua angesema ameumwa na mdudu. Maman alijua. Aliushika kwa mikono miwili, na nikaona uso wake umebadilika, uchungu na kitu kingine ambacho nakiita furaha ingawa naona haya kukiita hivyo. Akachota maji safi, akaweka mguu wa Odile ndani ya beseni lake.

Mji ulipotulia, Mama Odile alikuja kumchukua mwanawe. Alimkuta mlangoni anajikausha kati ya vidole, kwa kitambaa kipya alichochaniwa kutoka kitenge cha Maman. Mama Odile hakushangaa. Alikuwa anajua. Mwaka mzima alikuwa akijua, ndiyo maana alizidi kukwepa mlango wetu kuliko wote, akihofia kwamba watu wataunganisha mguu wa mwanawe na wa Maman.

"Nani alimutegea?" aliuliza polepole. "Mama Furaha, weye unajua hii mambo. Mutoto wangu alikanyaga nini?"

"Udongo," alisema Maman. "Ku shamba ya koko yake. Hakuna mutu alimutegea, na hata miye hakuna mutu alinitegea. Ile siku nilisema bongo, juu ya binti yangu. Ukiniuliza mbele ya masera nitasema vilevile."

Mama Odile akaketi. Hakuketi kwenye ukingo wa kitu. Alikaa chini kabisa, juu ya kizingiti chenyewe, kitenge chake kikalowa. Nilifikiri atasema samahani, na nilikuwa na kiu ya kuisikia. Hakuisema. Alisema, "Nielezee tena. Ile ya udongo. Ile wakati nilikuwa nasikiliza nusu."

Na Maman akamweleza, tangu mwanzo, kwa subira ile ile ya ndoo moja ya makala, kana kwamba miaka miwili haikupita katikati yao.

Odile leo anafanya kazi ofisini kule Ibanda, anavaa viatu vya kufunika, na mguu wake haukuzidi pale ulipokuwa siku ile. Sio wote mtaani walioelewa. Shirika lilirudi kwetu, si wanawake wote. Wawili au watatu waliinua miguu mpaka Maman alipofariki. Furaha aliolewa Kalehe na mtu mwema ambaye si Deo, na ilimchukua mpaka alipozaa binti wake wa kwanza ndipo aje nyumbani, ampigie Maman magoti, na waliyosemezana sikuyasikia kwa sababu walinifukuza chumbani.

Kwa muda mrefu nilipomsifu mama yangu nilisifu asubuhi ile ya askari. Ni rahisi kuisifu, ina bunduki. Siku hizi namsifu zaidi kwa ile siku ya mama yake Deo, alipofungua kinywa akiwa na ukweli tayari ulimini, kitu alichokipenda kuliko jina lake, akakirudisha ndani. Na namsifu kwa kila asubuhi iliyofuata, alipojivika kwa hiari aibu ambayo alikuwa amemaliza nusu ya maisha yake akiivua. Sijui kama ningeweza. Nadhani ningeweza siku moja, labda wiki. Si miaka miwili.

Mwaka mmoja kabla hajafa nilimuuliza jambo lililonikaa moyoni. Kwa nini hakumwambia mama yake Deo ukweli kwa siri, wao wawili tu, na kumwomba akae kimya? Furaha angeolewa, na askari wasingejua.

Alinitazama, akaanza kucheka, mpaka akashika mbavu.

"Siri? Na weye ukiwa mu nyumba?"

Nilihisi uso wangu unawaka moto, mimi, mtu mzima mwenye watoto. Kwa hiyo alijua. Alijua tangu siku ile ile. Nikamuuliza kwa nini hakunipiga.

"Nilichukua fimbo," alisema. "Halafu nikafikiri, kinywa ya huyu mutoto njo imetukosesha bwana, na njo kinywa yake inakataza basoda kurudi. Nimupige ao nimushukuru? Sikujua. Nikarudisha fimbo."